Bangili ya Bi Somoe kwenye Fyuzi

Nianze na waliokuwepo. Baba mdogo Anton, mdogo wake baba, aliyekuwa akiangalia pampu ya maji pale misheni ya kijijini kwetu, njia ya Nachingwea kwenda Ruponda. Mama yangu, Skolastika. Bi Somoe, jirani yetu Mwislamu, shoga yake mama wa kuchota naye maji tangu usichana. Na mimi Filomena, sijavunja hata ungo. Bruda, Mzungu mwenye mitambo, alikuwa kaenda Lindi.

Kabla ya pampu ile, kiangazi wanawake walifukua mchanga wa mtoni, wakakaa kungoja maji yajikusanye, wakayateka kata moja moja. Pampu ilipokuja, jenereta inanguruma, maji yanamwagika bombani yenyewe, mimi nilikuwa siondoki pale. Sasa siku hiyo ya bangili pampu ikawa inazimika kila mara. Baba mdogo anafungua kisanduku cha ukutani, anachomoa fyuzi, kitu cheupe kama kipande cha kikombe, ndani yake waya mwembamba kama unywele, umekatika. Anafunga mwingine. Unakatika tena.

“Baba mdogo, mbona unakatika huu tu, zile nyaya nene hazikatiki?”

“Ndivyo ulivyotengenezwa, mama.”

“Aliyeutengeneza hakuwa na mnene?”

Akafunga mwingine tena. Waya wa Bruda ukaisha, na foleni ya ndoo imefika kanisani. Bi Somoe akaangua kicheko. “Anton, waya gani huo, kuguswa tu umekufa! Hata uzi wa kanga una nguvu.” Akavua bangili yake ya shaba. “Shika hii. Nimevishwa unyagoni, haijawahi kukatika.”

Baba mdogo akainyoosha kwa koleo, akaifunga. Kweli haikukatika. Maji yakaja, vigelegele vikapigwa. Hata ndoo ya mama haijajaa, ikaja harufu ambayo naijua mpaka leo, kama pembe ya mbuzi iliyotupwa motoni. Mota ya pampu ikafuka moshi, ikanyamaza. Bangili ilikuwa nzima, inang'aa.

Bruda aliporudi alifungua pampu, akatoa mchanga kiganjani. “Ilikuwa imekabwa, Anton. Ule waya uliwekwa ufe wenyewe, mota ibaki.” Msimu wote ule tukarudi kufukua mtoni. Bi Somoe akitangulia na jembe, wenzake nyuma wanamwita, “Mwenye shaba isiyokatika, tuchotee basi!”

Siku hizi nakaa Ruangwa kwa binti yangu. Kuna kisanduku cha kulinda friji na tivii. Umeme ukirudi kwa kishindo kinauzuia, kinawasha taa nyekundu, kinangoja utulie. Natamani siku moja kifunguliwe nione kilichomo. Jumapili umeme ulikatika ukarudi, na mpira wa Namungo umeshaanza. Mjukuu wangu Rehema akashika waya wa tivii. “Bibi, kinatuchelewesha hiki. Tuchomeke moja kwa moja ukutani.”

Nikamshika mkono. “Ngoja, mama. Kiache kifanye kazi yake.”

Goli likatupita; tulilisikia kwa majirani. Rehema akaninunia. Taa ilipokuwa kijani na tivii ikawaka, mimi nilikuwa bado nimesimama, nanusa. Hapakuwa na harufu yoyote.

Mimi nasema Bi Somoe aliivua bangili ile mkono wa kulia. Kama yupo wa ukoo wake anayejua ni wa kushoto, asinionee haya, anisahihishe.