Mdogo wangu kanunua nyumba Uingereza, kodi yake ikasubiri bei ya nyumba ya mama hapa Iguguno

Wakuu, habari za mapumziko.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, nyuzi zangu hazifiki tano. Leo naandika kwa sababu moyo umejaa shukrani na hapa Iguguno nimeshamsimulia kila mtu mpaka wameanza kunikwepa.

Majina ya watu sitaweka, ila kisa chenyewe sikitii chumvi. Chumvi niliitia siku ya tukio, na ndiyo iliyotaka kutumaliza. Mtaona.

Kidogo kuhusu mimi. Ni Mnyiramba, nanunua alizeti kwa wakulima, nina stoo karibu na barabara kuu. Mzee alishatangulia, bi mkubwa yupo. Nina mdogo wangu mmoja wa kike, ni nesi Uingereza, huu mwaka wa tisa. Analea watoto wawili peke yake. Humu nitamwita Sista.

Miaka ya nyuma Sista alianza kutuma hela tumjengee bi mkubwa nyumba. Msimamizi nikawa mimi.

Sasa wakuu, mnazijua habari za kutumiwa hela na ndugu wa nje ili ujenge. Kuna jamaa namfahamu kabisa, alimtumia kaka yake picha za nyumba ya jirani kwa miaka miwili. Kaka mtu anarudi likizo anakuta msingi umeota majani.

Mimi niliapa sitakuwa huyo. Nilijenga kweli. Bati la msauzi, tiles mpaka barazani, gypsum vyumba vyote, grili, tangi la maji. Ilipofika kwenye hati nikaandikisha jina la Sista, siyo langu. Washkaji walinicheka sana.

Na bado maneno hayakuisha. Kuna watu walikuwa wanasema pembeni kwamba nusu ya hela ya dada wa watu nimeila. Lile neno liliniuma kuliko nilivyowahi kuonyesha. Lishikeni, maana ndilo mzizi wa uzi huu.

Basi mwaka jana Sista akaamua kuacha kupanga. Alishahamishwa na wenye nyumba mara tatu, watoto wanabadilishiwa shule kila mara. Akapata kanyumba ka vyumba vitatu, bei pauni laki mbili na elfu kumi. Benki ikakubali kumpa mkopo. Deposit alishaikusanya kwa zamu za wikiendi na sikukuu.

Alinitumia voice note, watoto wanasikika nyuma wanagombania chumba chenye dirisha kubwa. Nikajisikia vizuri sana siku ile.

Kisha ikaja kodi ya serikali.

Hapa wakuu tuelewane kidogo, maana nilikuwa sijui kitu. Mimi nimezoea huku kwetu, ukinunua nyumba mzigo mkubwa wa kodi ni wa muuzaji, mnunuzi stamp duty yake ni kidogo. Nikamwambia Sista kwa kujiamini kabisa, "Hiyo kodi mwachie muuzaji, ndiye anayepata hela."

Akacheka. Akasema kule ni kinyume, anayenunua ndiye anayelipa.

Halafu inakwenda kwa ngazi, kama kodi ya mshahara. Kwa viwango vya wakati ule, pauni laki moja na elfu ishirini na tano za mwanzo hulipi kitu. Kinachozidi hapo mpaka laki mbili na nusu unalipa asilimia mbili, na ni kwa kile kilichozidi tu, siyo bei nzima. Mimi nilikuwa nimepiga asilimia mbili kwa bei yote, Sista akanisahihisha kama mtoto wa darasa la nne.

Na anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza maishani ana nafuu yake. Kwa bei ile ya Sista, angelipa sifuri.

Sista akajua yeye ndiye huyo wa mara ya kwanza. Akajipangia bajeti yake hivyo.

Wakili wake akamuuliza swali moja: una nyumba nyingine yoyote, popote duniani?

Popote duniani, wakuu. Mpaka Iguguno.

Sista hakuficha. Akasema ndiyo, iko Tanzania, anaishi mama. Hapo hapo ile sifuri ikaondoka. Lakini bado ilikuwa inavumilika, kwa ule mpangilio wa ngazi ni pauni elfu moja na mia saba. Akasema atajibana.

Wakili akaongeza: hiyo nyumba ya Tanzania ina thamani gani?

Sista akanitumia meseji kuniuliza. Nilikuwa stoo, gunia liko kwenye mzani, watu wamejaa. Nikajibu palepale bila kufikiri mara mbili: "Hiyo haipungui milioni mia mbili na ishirini."

Wakuu, nisiwadanganye, sikuwa na hesabu yoyote kichwani. Nilichokuwa nacho ni yale maneno ya watu. Kila nikiulizwa bei ya ile nyumba nasikia naulizwa "hela ya dada ako iko wapi?" Kwa hiyo nataja kubwa. Hata wewe ungekuwa umesemwa vile ungetaja kubwa.

Debe tupu haliachi kuvuma.

Kesho yake Sista akapiga, sauti imekauka. Kumbe sheria ya kule, ukiwa na nyumba nyingine yenye thamani ya kuanzia pauni elfu arobaini, hii unayonunua inahesabiwa nyumba ya ziada. Unaongezewa asilimia tano, na hiyo haina ngazi, inapigwa kwenye bei nzima kuanzia pauni ya kwanza.

Elfu kumi na mia tano juu ya ile elfu moja na mia saba. Jumla pauni elfu kumi na mbili na mia mbili. Kwa hela yetu zaidi ya milioni arobaini.

Hana. Na muuzaji ana mnunuzi mwingine anasubiri.

Akaniambia, "Kaka, basi tena. Nitawaambia watoto." Hakunilaumu, na hapo ndipo niliumia zaidi.

(Subirini nampimia mama mmoja hapa gunia zake mbili, narudi.)

Nimerudi.

Nikaenda kwa rafiki yangu mmoja, mtu wa mjini Singida, mjanja wa makaratasi. Akasema ni jambo dogo, hati ibadilishwe isome jina la bi mkubwa, iwekwe tarehe ya nyuma. Nikamweleza Sista nikidhani nimeleta ukombozi.

Akanijia juu. "Kaka, mimi hapa kazi yangu ni leseni. Nikikutwa nimedanganya serikali ya watu, nitarudi huko na watoto bila nyumba na bila kazi." Njia ya mwongo ni fupi, nilifundishwa na bi mkubwa huyo huyo, nikaachana na yule mjanja.

Ila akaniambia kitu kimoja. Wakili alikuwa ameuliza ile bei imetoka kwa mthamini au imetoka kwa kaka. Akishaletewa ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, ataifuata hiyo.

Nikamtafuta mthamini. Akaja mama mmoja wa makamo kutoka mjini, mpole, ana futi kamba na daftari. Nikamzungusha nyumba nzima mwenyewe. Nikamgongea tiles asikie. Nikamwonyesha gypsum. Bi mkubwa anatuangalia tu kutoka barazani anachambua mchicha.

Alipomaliza nikamwuliza ameonaje. Akasema haitafika milioni tisini.

Wakuu, badala ya kufurahi nilipandisha hasira! Nikamwambia, "Mama, shikamoo yako naiheshimu, lakini bati peke yake unajua ni shilingi ngapi?"

Hakukasirika. Akasema, "Mwanangu, ulichotumia ni gharama. Thamani ni kile ambacho mtu atakubali kukupa. Nitajie mtu mmoja hapa Iguguno atakayetoa milioni mia mbili kununua nyumba hii."

Nikafikiria wenye mashine za kukamua, wenye malori. Sikupata hata mmoja. Mwenye hela hiyo anajenga mjini.

Bi mkubwa akadakia kutoka barazani, "Kwani nani amesema inauzwa?"

Ripoti ikatoka. Milioni themanini na nane. Chini kabisa ya pauni elfu arobaini.

Sasa nikiri jambo ambalo hata mke wangu atalisoma hapa kwa mara ya kwanza. Ile ripoti nilikaa nayo kwenye droo ya stoo siku mbili nzima.

Sista alikuwa ametuma zaidi ya hiyo. Anajua alichotuma, na mimi najua kiko kwenye kuta. Lakini karatasi yenye mhuri inasema themanini na nane. Nilijiona namtumia ushahidi wa kunishtaki mwenyewe. Nikasema, siku atakapoisoma, yale maneno ya watu yatakuwa kweli.

Siku ya tatu nikaikumbuka ile voice note, watoto na dirisha lao. Nikapiga picha kurasa zote, nikatuma, nikazima data.

Nilipowasha nikakuta amepiga mara sita. Nikapokea ya saba. Analia. Nikajua yametimia.

Nikaanza kujieleza, "Mdogo wangu, kila ulichotuma kipo pale, hata ukitaka..."

Akanikatiza. "Kaka, acha. Mimi sikukutumia hela unijengee cha kuuza. Nilitaka mama asinyeshewe. Ananyeshewa?"

Nikasema hapana.

"Basi sikudai. Na wewe ungekuwa mwizi, jina langu lisingekuwa kwenye ile hati."

Wakuu, mimi mtu mzima, na magunia yangu pale, nililia mbele ya wabeba mizigo.

Wakili aliipitia ripoti akaikubali. Sista amelipa elfu moja na mia saba na amehamia. Chumba cha dirisha kubwa amechukua yule mtoto mdogo kwa kelele zake.

Mthamini nilimpelekea dumu la mafuta ya alizeti kumshukuru. Akalikataa, akasema ada yake nilishalipa, hilo dumu nikampe bi mkubwa. Mungu amtunze yule mama.

Funzo nililopata: ukiwa na ndugu nje anataka kununua nyumba, msimkisie. Ajue kwanza nani analipa kodi, kama inakwenda kwa ngazi, na kama za kwenu huku zinahesabika. Viwango hubadilika na kila nchi ina yake, aulize wakili wa huko huko. Na ukiulizwa thamani ya kitu, sema thamani, usiseme heshima yako.

Waliopitia Kenya, Dubai, Afrika Kusini, shusheni uzoefu wenu hapo chini tujifunze. Wa kunicheka pia karibuni, nimeshazoea.

Nakala ya ile ripoti nimeibandika ukutani hapa stoo, juu ya mzani. Milioni themanini na nane. Mwenye maneno yake aje asome.