Msimu wa Kuamia Ndege Peke Yangu

Mume wangu alikuwa amepata kazi ya kukata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja Mwanza mjini, na watoto wetu walikuwa wakisoma Mkolani, kwa dada yangu. Mimi nilibaki na shamba letu upande wa Sengerema. Mahindi yalikuwa yametukaukia msimu uliotangulia, kwa hiyo nikaamua kulima kama alivyolima marehemu mama: matuta marefu, na kati yake vijituta vya kuziba mifereji, ili mvua ikija kidogo isikimbie. Nikasomba samadi kwenye zizi la jirani, nikatandaza nyasi kavu, nikapanda mtama na kunde.

Mtama ukastawi. Mahindi ya wenzangu yalipoanza kusokota majani, wangu ulikuwa unachanua. Nilichosahau ni ndege.

Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye lile zizi, alipita akiswaga ng'ombe. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani atakusaidia kuamia, kuwafukuza ndege?"

"Niko mwenyewe."

Akatikisa kichwa. "Zamani kila nyumba ilikuwa na mtama, ndege wakagawana. Sasa vijana wote wako kwenye samaki, na huku tumeuacha. Watakuja wote kwako."

Wakaja kweli. Nilijenga dungu, kichanja cha miti katikati ya shamba, nikawa napanda kabla jua halijachomoza na kushuka giza likiingia. Nilipiga debe, nilirusha mawe kwa teo, nilipiga kelele. Wakiruka upande huu wanatua upande ule. Sauti ilipokauka nikaanza kuwasema kwa sauti ya kawaida: nikawaambia sukari imepanda tena dukani, kwamba mdogo wangu hajaja kunitembelea. Siku moja nilimaliza kueleza jambo, nikanyamaza, na nikajikuta nasubiri kujibiwa. Nikaogopa. Nilishuka nikaenda kunywa maji, na niliporudi walikuwa wamekula kona nzima.

Mume wangu alikuja Jumapili moja na unga wa sembe wa dukani. Alisimama chini ya dungu akiniangalia.

"Mama watoto, shuka twende mjini. Unga siku hizi umejaa madukani. Kwa nini ujitese?"

"Nikiondoka leo, kesho hakuna mtama."

"Basi huo mtama usiwepo."

Nikatia jiwe jingine kwenye teo. Alilala, asubuhi akaondoka nikiwa tayari juu, akanipungia mkono kutoka njiani.

Nilivuna kilichobaki. Kazi ya kupura marehemu mama aliifanya na wanawake wengi na pombe pembeni. Mimi niliifanya na fimbo moja uani.

Nikabeba mfuko wa unga wa mtama, nikavuka na kivuko hadi Kigongo, nikafika Mkolani. Nikawapikia watoto. Mdogo akagusa ugali kwa kidole.

"Mama, mbona mweusi?"

"Ni mtama wetu. Onja."

Akaonja, akatazama sahani ya binamu zake, watoto wa dada, waliokuwa wakila ugali mweupe. Dada akacheka kidogo, akampakulia ule mwingine. Mkubwa alikula wangu wote, akinikwepa macho.

Kesho yake nilirudi. Mvua zilipokaribia nilichukua jembe, nikaanza kutengeneza matuta yaliyobomoka, kuanzia upande wa juu.