Jipu Nililomficha Mkwe Wangu

Nakiri mwenyewe kabla Bi Tatu hajawafikia na habari zake: mimi, mtu mzima mwenye mke, cherehani na watoto wanne, nilimdanganya nesi kuhusu kalio langu, na uongo huo nusura unisafirishe mkoa wa mbali nikapigwe picha ya ubongo siku ile ile binti yangu anaagwa. Chekeni tu, nimeshazoea. Hapa Ujiji mtu akiniuliza kichwa kinaendeleaje, macho yake yanakuwa yanatazama chini ya kiuno.

Jipu lilianza Jumatatu, kalio la kushoto, pale pale ninapokalia. Mke wangu nilimwambia ni mgongo, maana angejua ukweli angelipasua mwenyewe kwa wembe wangu wa kufumulia nguo (namjua, ana mkono mwepesi na huruma chache). Nikawa nalipaka mawese ya moto kwa siri na kuendelea na kazi, kwa sababu Jumamosi alasiri Zuhura, mwanangu wa kwanza, alikuwa na sendoff yake, gauni nilikuwa namshonea mwenyewe na pindo lilikuwa bado. Wazee wa pande zote mbili walishakubaliana kwamba baba ndiye atakayemkabidhi binti kwa mkono wake, na baba asipokuwepo shughuli inasogezwa mbele. Mimi safari siziwezi, Kibirizi penyewe nikienda kununua dagaa narudi nimechoka kama niliyetoka Burundi kwa miguu, lakini kutoka kitini kwangu hadi kwenye turubai uani kwangu niliona hiyo safari naimudu.

Basi Alhamisi asubuhi nimekaa barazani nashona kwa kalio moja. Anayejua kushona anajua cherehani ya miguu haitaki kalio moja. Nikakanyaga, stuli ikainama, nikaegemea hewa, kichwa kikagonga chuma cha cherehani kikasema ngo! mpaka Bi Tatu, jirani yangu anayekaanga samaki wa migebuka ng'ambo ya njia, akaacha karai motoni.

"Fundi! Umekufa?"

"Bado."

"Mbona unakaa upande?"

Nikamwambia ni kizunguzungu. (Huo ulikuwa uongo wa kwanza, wala sikuuona kama uongo, niliuona kama adabu.) Nundu ilishakuwa kama limau, na kabla sijajitetea Bi Tatu na mke wangu wamenipakia kwenye bajaji, kila shimo la barabara nashika dari na kunyanyua kiuno, nao wanatazamana kwa huzuni, wakidhani ni kichwa.

Kule hospitali nikakuta kuna utafiti. Daktari mmoja kijana, mwembamba, mpole, alinieleza kwamba wanapima damu za watu waliogongwa kichwa, wavuvi walioanguka mitumbwini, waendesha bodaboda, watu kama hao, kuona kama damu inaweza kuonyesha ubongo umeumia kabla mtu hajapelekwa mbali kwenye mashine ya picha. "Mwili ukiumia unavimba kwa ndani," akasema, "na uvimbe huo unaacha alama kwenye damu. Hizo alama ndizo tunazozitafuta." Nikaona ni jambo la maana sana, nikajiona na mimi nachangia elimu ya nchi, nikaweka saini kwa mbwembwe.

Halafu akaja nesi na karatasi ya maswali. Nesi mwenyewe ni Mama Rama.

Mama Rama ni mama wa kijana anayemwoa Zuhura. Mkwe wangu! Mwanamke ambaye nikimwona njiani nashusha macho na kurekebisha kofia, ambaye mbele yake sijawahi hata kutafuna muhogo kwa sauti. Sasa amekaa mbele yangu na kalamu.

"Mkwe, pole sana. Nitakuuliza mambo machache ya kwenye fomu. Una homa?"

"Sina, mkwe."

"Jino bovu?"

"Sina."

"Kidonda, au jipu, mahali popote mwilini?"

Jamani. Niambieni ukweli, nyie mngesemaje? Akisikia jipu atauliza liko wapi, na hilo wapi nitamtajia mkwe kwa mdomo gani?

"Sina, mkwe. Niko safi kabisa."

Akaandika hapana. Hapana moja tu, herufi sita, na ndiyo iliyoniponza.

Kuanzia hapo kila nilichofanya kilikuwa ushahidi. Wakaniambia nitembee mstari ulionyooka, nikatembea nimeinamia kulia ili kushoto kusiguswe. Daktari akaandika. Wakaniambia nikae, nikasema nitasimama. Wakasisitiza, nikakaa kiti robo na kuruka juu. Akaandika tena, safari hii mistari miwili. Wakaniuliza leo tarehe ngapi, nami tarehe sijawahi kuzijua tangu nimalize kidato cha nne, siku nazihesabu kwa nguo za watu, nikajibu, "Kesho ni sketi ya mwalimu." Mke wangu akaanza kulia.

Wakanilaza wodini, na usiku ule niliulizwa jina langu mara nyingi kuliko miaka yangu yote ya shule.

Ijumaa asubuhi majibu yakatoka. Daktari akaja na uso wa msibani. "Mzee wangu, picha kamili sina hapa. Lakini zile alama za uvimbe kwenye damu yako zimepanda mno. Ukichanganya na unavyotembea, siwezi kukaa na wewe. Kesho alfajiri gari inakupeleka rufaa."

"Kesho? Kesho namuaga binti!"

"Sendoff itasubiri, mzee. Ubongo hausubiri."

Habari ikafika Ujiji kabla ya chai. Saa nne wodi imejaa: mke wangu, wazee wawili wa mtaa, upande wa wakwe, Bi Tatu na kapu la migebuka, na Zuhura mwenyewe amebeba gauni lake mkononi, pindo linaning'inia. Hakusema kuhusu shughuli hata neno moja. Alipiga magoti pembeni ya kitanda akaniambia, "Baba, gauni nitalitunza. Ukipona utalimalizia." Kisha akageukia ukutani mabega yakimtikisika.

Hapo moyo wangu ukageuka. Nikamvuta daktari koti.

"Daktari, hizo alama kwenye damu, zinajua ni wapi pameumia?"

"Hazijui, ndiyo shida yake," akasema. "Ni kama yowe mtaani. Ukilisikia unajua kuna nyumba ina matatizo, hujui ni ipi. Ndiyo maana tunauliza mapema kama kuna nyumba nyingine inayoungua. Wewe ulisema hakuna, kwa hiyo nalazimika kuamini linatoka kichwani."

Nikatazama watu wote wale. Nikamwomba avute pazia. Akavuta. Nikamnong'oneza sikioni, nikageuka, nikamwonyesha nyumba inayoungua.

Nikasikia kitu kama chai inamwagika puani, ni daktari anajizuia kucheka, akashindwa, akatoa kichwa nje ya pazia na kuita kwa sauti ya mtu aliyefurahi mno:

"Sista Mama Rama! Niletee trei ya kupasulia jipu! Kubwa! Liko kalioni!"

Ndugu zangu, pazia la hospitali ni kitambaa tu. Nje wodi nzima ikapasuka. Nikasikia mzee mmoja akikohoa kwa kicheko, nikasikia mke wangu akisema "mgongo!" mara tatu, kila mara kwa ukali zaidi. Na Mama Rama akaingia na trei.

"Mkwe, tafadhali, aje nesi mwingine."

"Nesi mwingine yuko likizo. Lala kifudifudi."

"Mkwe, heshima..."

"Heshima hiyo hiyo ilitaka kunivunjia harusi ya mwanangu. Lala! Nimeshaona makalio ya nusu ya mji huu, la kwako halina jipya."

Nikalala. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba ana mkono mwema na kwamba nilimwita mama yangu, marehemu, kwa jina lake la utotoni.

Daktari alinibakiza hadi jioni kuangalia kichwa (nundu ni nundu, alisema, nikitapika au nikilala bila kuamka nirudishwe haraka), akanipima tena kutembea na safari hii nikanyooka kama askari. Damu yangu akaitoa kwenye utafiti wake, akaniambia ningewaharibia kazi ya miezi. Nilimwomba radhi kwa dhati. Kijana wa watu anatafuta njia ya kuokoa vichwa, mimi namletea jipu.

Jioni ile nikamalizia pindo nikiwa nimesimama, Zuhura akinizungushia gurudumu kwa mkono na kucheka mpaka anakosea.

Na Jumamosi nikamkabidhi. Mshereheshaji alitangaza, "Baba wa binti sasa anaweza kukaa," turubai zima likaangua kicheko, na Mama Rama akainuka meza kuu, akaniletea mto. Mto! Mbele ya watu wote! Nikaupokea kwa mikono miwili na kushusha macho, kama inavyompasa mkwe. Nimeapa tangu siku hiyo: nesi akiniuliza nina nini na wapi, nitajibu hata kama ni mkwe, hata kama ni shehe, na ramani nitamchorea.

Jumapili nikatoka barazani polepole, nikaweka mto juu ya stuli, nikakaa kwa makalio yote mawili. Bi Tatu ng'ambo anageuza migebuka.

"Mwakeye, jirani!" nikamsalimu kwa Kiha chetu, nina furaha zangu. "Daktari kathibitisha, ubongo wangu mzima kabisa, hauna hata mkwaruzo."

Hakuinua hata macho kutoka kwenye karai.

"Utapataje mkwaruzo, fundi, na bado uko kwenye nailoni yake ya dukani?"