Itto na Wadudu Wenye Uma

Itto alipoolewa na Bassou, alikuta nusu ya sebule imejaa mawe. Bassou alikuwa mchimbaji wa trilobiti, wale wadudu wa bahari ya kale waliogeuka jiwe ndani ya milima ya Alnif. Mikono yake ilikuwa hodari kwa nyundo, lakini kwa kazi ndogo ilikuwa balaa. Kila alipojaribu kumtoa mdudu kwenye mwamba, alimvunja miba.

"Lete hapa," Itto akamnyang'anya sindano siku moja. "Unamsafisha au unamchinja?"

Tangu hapo kusafisha ikawa kazi yake. Aliketi dirishani, kioo cha kukuzia mkononi, akipuliza vumbi taratibu kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

Waliowagombanisha ni wadudu wenye uma. Hao wana kikono cha jiwe kinachochomoza mbele ya kichwa, chenye meno matatu. Wengine uma wao mrefu, wengine mfupi. Itto alisema hizo ni aina mbili. Bassou alisema ni mdudu mmoja, tofauti ni umri tu.

"Kwani wewe ulizaliwa na nywele hizo zote?" Bassou alimuuliza. "Na uma nao huota."

"Mbona jana nimesafisha jitu zima lenye uma mfupi?"

"Hilo liligoma kukua!"

Mwisho Bassou akachoka. "Basi nitafunika uma. Ukinitajia nani ni nani bila kuuona, Ijumaa kuskus napika mimi. Ukishindwa, nipumzishe na ubishi huu."

Dada yake Bassou, Yamna, mwenye ulimi usiopoa, alijialika awe mwamuzi. Bassou akapanga mawe kwenye sinia, kila mdudu amefungwa kitambaa puani. Itto akawageuza huku na huku, akataja kwa kujiamini. Yamna akafungua cha kwanza: kakosa. Akafungua cha pili: kakosa tena.

"Eh, wifi! Hata mbuzi wangu angebahatisha mmoja!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Itto naye alicheka, ila rohoni aliumia. Kumbe miaka yote alikuwa anatazama uma tu, na uma ukiondoka, yeye ni kipofu kama Bassou na Yamna.

Ijumaa alipika kuskus mwenyewe, kisha akaanza upya. Akakusanya wadudu waliovunjika uma, wale ambao Bassou huwatupa uani, akawaweka karibu na dirisha. Kila alipopumzika kazi, aliwatazama. Mwanzo wote walikuwa sura moja. Asubuhi moja, jua likiingia kwa ubavu, akaona vivuli. Baadhi yao vipele vya kichwani na mgongoni vilikuwa vimesongamana, vidogo kama punje za semolina ya kuskus. Wengine vilikuwa vikubwa, vimeachana. Akatazama pembe zilizo juu ya macho. Wenye vipele vidogo, pembe zao zimesimama wima. Wenye vikubwa, zimelalia nyuma. Akaleta wadudu wazima, akalinganisha. Wenye uma mrefu walikuwa wa semolina, kila mmoja. Itto akapiga kigelegele peke yake, jirani akadhani kuna mchumba.

"Nataka marudiano," akamwambia mumewe.

"Hujashiba aibu?"

"Wewe funga vitambaa."

Yamna akaja mbio, hajaitwa. Safari hii Itto alisogeza sinia kwenye jua. Wa kwanza akapata. Wa pili akapata. Yamna akaacha kutafuna lozi zake. Kwa wa tatu Itto akapitisha ukucha kiunoni mwa mdudu.

"Huyu sijui nimwite nani."

"Ahaa! Umekwama!" Bassou akaruka.

"Sijakwama. Kichwa ni cha mwenye uma mrefu, mwili ni wa mwingine. Vipele vya mgongoni havifanani na vya kichwani. Na hapa kuna gundi."

Bassou akamchukua mdudu, akamkwaruza kwa sindano. Gundi ikatoka, nyeupe. Uso ukambadilika.

"Huyu nimemnunua sokoni Rissani! Niliapiwa ni mzima!"

"Kaka yangu," Yamna alisema akijifuta machozi ya kicheko, "umenunua mabwana harusi wawili kwa mahari moja."

Ijumaa ile Bassou aliingia jikoni. Kuskus ilitoka na mabonge, tanipu mbichi, na chumvi ya kutosha mtaa mzima. Itto alikula sahani yake yote, akaomba tena.

Baada ya hapo Bassou hakununua wala kuuza mdudu kabla Itto hajamtazama juani. Wachimbaji wengine wakaanza kupita na mafurushi yao, na Yamna akajipa kazi ya kuwapokea mlangoni na kuwatania.

Majira ya baridi, Bassou alirudi kutoka mtaroni anakochimba, hata viatu hajavua, akamwekea jiwe mapajani. Uma ulikuwa mfupi, vipele vya semolina, pembe moja imesimama na nyingine imevunjika.

"Nani huyu?"

Itto akamgeuza kwenye mwanga, akatafuta gundi, asiione. "Simjui."

"Hata mimi simjui," Bassou akasema, akavuta kigoda, akaketi karibu yake.