Sili, si Siri

Mambo mengine nimeyatenda kwa hasira nikayajutia siku hiyo hiyo. Hili nililifurahia miezi miwili mizima.

Nimekulia kwenye nyumba za polisi hapa Kampala. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, mama ni Mnubi, na Kiswahili cha majirani kila mtu alikikata anavyotaka: "mimi hapana kula," "yeye hapana kuja." Mama hakukubali. Yeye alisema "sili," alisema "haji," na ukikosea mbele yake alikurudisha mwanzo wa sentensi. Baba alipopelekwa kazi ya mbali, wanawake wa pale walimsengenya mama, kwamba mwanamke mzuri vile hawezi kukaa bure. Mama akawa anaweka sahani yake mlangoni, imefunikwa, wote waione. Akiulizwa anajibu, "Sili mpaka aje." Alikula baadaye, bila shaka, nilimwona. Lakini maneno yale yaliwafunga midomo.

Miaka mingi ikapita, nikayatia kwenye wimbo. Rafiki yangu mmoja, mwimbaji niliyesoma naye Mengo, alitaka wimbo wa Kiswahili ili asikike mpaka Nairobi. Nilimwandikia wote, na kiitikio kikawa: Sili mpaka uje. Sikutaka malipo. Niliomba jambo moja tu, kwamba akiulizwa aseme maneno ni ya mama yangu. Akaapa. Kisha nikakaa naye wiki mbili nikimnyoosha ulimi, maana yeye ni Muganda, na l ikija baada ya i kinywani mwake inageuka r. Kila mara sili ikawa siri.

"Dada, si ni kitu moja?" akaniuliza.

Kitu kimoja wapi! Wa kwanza ni mwanamke asiyekula akimngoja mumewe. Wa pili ana jambo la kuficha.

Studio ilikuwa Kansanga, juu ya duka la mabati. Fundi wa mitambo alinipa hedfoni kubwa, zile za kufunika sikio lote, na sijawahi kusikiliza kitu namna ile. Nikizivaa barabara nzima inazimika, bodaboda na mabati ya dukani. Gitaa linaingia sikio la kushoto, ngoma la kulia, na sauti ya rafiki yangu inakaa katikati, ndani kabisa ya kichwa, hata sijui yeye anaishia wapi na mimi naanzia wapi. Nilisikia ulimi wake ukibanduka kwenye meno. Nilisikia akimeza mate. Nilifumba macho nikamwona mama na sahani yake, machozi yakanitoka, na fundi akajifanya anatafuta waya.

Mchana huo akaja mtangazaji wa redio, Mkenya, kumhoji. Wakaingia wawili kwenye chumba cha kurekodia, nyuma ya kioo, na fundi akashuka kununua soda. Maikrofoni ilikuwa wazi, nami nilikuwa bado na hedfoni masikioni.

"Maneno umeyatoa wapi?" mtangazaji akauliza.

"Hii maneno ya mama yangu mimi. Mi naandika peke yangu, kweri."

"Na yule dada pale nje?"

"Yule? Anatupikia chai."

Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa ndani ya kichwa changu na sikuwa na pa kukikimbilia. Wiki mbili za kumfundisha, na mama yangu amepewa mtoto mwingine, na mimi nimepewa birika! Nilimchukia palepale, na nilijua nitamlipa, ila sikujua kwa kitu gani.

Alinipa mwenyewe. Mtangazaji alipoondoka, wakaanza kiitikio. Fundi yule hurekodi mara kadhaa, huchagua moja, kisha huibandika kila inapotakiwa. Mara tatu za kwanza rafiki yangu alitamka sili vizuri kabisa, lakini sauti ilikwaruza. Mara ya nne sauti ikatoka yote, tamu, na akajisahau: Siri mpaka uje. Fundi naye ni Muganda, hakusikia tofauti. Akanigeukia, akiniita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, gani mzuri?"

Nikaomba airudie. Nilizikandamiza hedfoni kwa mikono miwili nikaisikiliza ile r, wazi kama jiwe kwenye wali.

"Ya nne," nikasema. "Usiiguse."

Akaibandika mara sita. Nikashuka chini nikala chapati mbili.

Wimbo ukapendwa. Kampala hakuna aliyeuliza neno. Lakini miezi miwili baadaye yule Mkenya alimwita rafiki yangu redioni, moja kwa moja hewani, na akaanza: "Dada, siri gani hiyo mpaka mtu aje? Mwenye nyumba anajua?" Wasikilizaji wakapiga simu, kila mmoja na kejeli yake. Nilikuwa kitandani kwangu, hedfoni masikioni, sauti juu kabisa nisipitwe na kitu. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Onja, nilimwambia, onja!

Ndipo akajitetea. "Si mimi naandika. Ni rafiki yangu. Maneno ya mama yake, ile bibi ya polisi, anakaa Nateete."

Nikazivua haraka, kana kwamba ningeweza kumzuia.

Kesho yake nilikwenda Nateete. Majirani walikuwa wamekwisha kumpasha mama habari.

"Nasikia nimeimbwa," akasema. "Hebu nisikie."

Ningeweza kudanganya kwamba simu imezima. Nilimvalisha hedfoni juu ya mtandio wake, nikabonyeza. Aliduwaa kwanza, akatazama kushoto, kisha kulia, akitafuta gitaa. Akatabasamu. Kiitikio kilipofika tabasamu likafutika. Alikaa vile vile, ameshika magoti, akakisikia mara zote sita.

"Huyo mtoto anaimba vizuri," akasema alipozivua. "Lakini mimi nilisema sili. Hukumfundisha?"

"Nilimfundisha, Mama."

"Basi nani aliyesikia kosa hilo akaliacha?"

"Fundi," nikasema.

Mama akainua mikono. "Mungu amlipe kwa alivyonifanyia."

Alikuwa akinitazama, anangoja. Nikaitikia amina.