Saa Nane za Mzee Mwalyego

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu: siku niliyoambiwa kwamba watu wa milima ya Mbeya wana mapafu matatu, nami nikaamini. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Tulikuwa Nyololo, njiani kutoka Iringa kwenda Mbeya, lori limesimama kupoza injini, na utingo wa lori lile, mwongo kunishinda mimi, na mimi unanijua, akaapa kwamba hewa ya kule juu ni nyembamba mno hata Mungu akawaongezea wenyeji pafu la tatu. Alisema liko mgongoni, na ndiyo maana mtu wa kule huchimba mfereji kutwa nzima bila kuketi. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni pale Iringa, nina cheti kimekunjwa mara nne mfukoni, najua kuzidisha na kugawanya mpaka desimali zinaomba radhi. Pamoja na desimali zangu zote hizo, nikalimeza lile pafu la tatu kama tonge la ugali.

Ninakuandikia haya kwa sababu umenichosha. Wewe na wenzako wote mnaojifunza ufundi kwangu. Jumanne umeniletea karatasi ya makisio ya bomba la shule, umeandika "saa za kazi 640", na nilipokuuliza umezipata wapi, ukanijibu, "Nimepiga hesabu, babu." Hesabu hata mimi nilipiga. Kaa nikusimulie jinsi hesabu yenyewe ilivyonipiga mimi.

Bwana wangu wa kazi alikuwa Fundi Mligo, fundi bomba wa Iringa, mtu wa maneno machache na spana nyingi. Misheni moja juu ya mji wa Mbeya ilikuwa imempa kazi ya kuteremsha maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi wodi ya wazazi. Maji ya wodi ile yalikuwa yakibebwa kichwani. Mama akiingia kujifungua, ndugu zake wanaingia njiani na ndoo. Fundi Mligo alimwahidi Mama Sekela, mkunga wa pale, kwamba maji yatafika kabla ya mvua, maana mvua za kule zikishaanza mfereji unageuka uji, na kazi inangoja kiangazi kingine. Kisha akanituma mimi, msomi wake, nitangulie kupima na kufanya makisio.

Nikapima vizuri, hilo sidanganyi. Futi elfu tisa na mia sita kutoka chemchemi hadi ukuta wa wodi. Bomba moja lilikuwa na futi ishirini, kwa hiyo mabomba mia nne na themanini, na soketi zake, na katani ya kuzungushia kwenye maungio. Nikamwomba mtu mmoja achimbe mbele yangu huku natazama saa, akatoa futi tatu kwa saa moja, kina cha kupita goti. Yote hayo yalikuwa sawa. Likabaki jambo moja, dogo kuliko kokoto. Nikamwendea Mzee Mwalyego, msimamizi wa vibarua, nikamkuta anapalilia viazi vyake.

"Shikamoo mzee. Hivi watu wako wanafanya kazi saa ngapi?"

"Marahaba. Saa nane," akasema, wala hakuinua kichwa.

Nikaandika 8.

Umeona? Sikuuliza la pili. Mtu mwingine angeshtuka, saa nane nzima za jembe kwenye mlima ule, lakini mimi nilikuwa na pafu la utingo kichwani. Nikasema moyoni, kumbe kweli. Saa nane mara futi tatu, ishirini na nne kwa kila mtu. Watu ishirini, futi mia nne na themanini kwa siku. Siku ishirini kazi imekwisha, na mvua bado ziko Kongo huko zinafunga kamba za viatu. Gharama ya vibarua nikaijumlisha kwa siku hizo hizo ishirini. Fundi Mligo akatia sahihi, misheni ikatia sahihi, yeye akarudi Iringa kwenye kazi nyingine, mimi nikaachiwa usimamizi.

Siku ya kwanza nilifika mlimani saa moja asubuhi, filimbi shingoni. Nikapuliza. Aliyenijibu ni mbuzi. Ukungu ulikuwa mzito, ungeweza kuukata kwa msumeno ukajengea nyumba. Watu walikuja saa tatu, wameshakamua ng'ombe na kumwagilia bustani zao, wakanisalimu kwa adabu zote, wakachimba kama wamepandwa na pepo. Nikafurahi. Ilipofika saa nane mchana wakatua majembe, wakaniaga, wakaenda. Nikadhani wamekwenda kula. Nikakaa juu ya rundo la mabomba kuwangoja mpaka jua likazama, nimeganda, meno yangu yanapigiana simu.

Siku ya pili nikasema labda kuna msiba. Siku ya tatu nikasema labda ni gulio. Siku ya nne sababu ziliniishia, nikawafuata njiani.

"Jamani, mnakwenda wapi?"

"Nyumbani, Fundi. Saa nane."

"Kwani hatukukubaliana saa nane?"

"Si ndiyo hii saa nane?"

Tukatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ana homa. Na bado, mwanangu, sikuelewa. Kile cheti kilikuwa kimeniziba masikio. Nikarudi kwenye daftari langu nikapiga hesabu upya, na hesabu ikatoka ile ile, na mimi nikaudhika na watu badala ya kuudhika na daftari.

Mwisho wa juma Fundi Mligo akaniandikia barua kuuliza habari. Hapa ndipo ninapojiona mjinga hadi leo. Mfereji ulikuwa nyuma zaidi ya futi elfu moja, na wakati ule vibarua wa kuongeza walikuwepo, mashamba bado hayajaita. Nikamjibu, "Kazi inakwenda vizuri, ila watu ni wavivu kidogo." Sentensi moja, uongo mara mbili.

Siku ya ishirini Fundi Mligo akapanda mlima, ameshika mfuko wa koki mpya za kufunga wodini. Alikuta mfereji wa futi elfu sita.

"Bomba liko wapi?"

"Linakuja, Fundi."

"Kwa miguu?"

Nikaanza kueleza. Nikasema makisio yangu ni safi, ila watu hawa nilipewa kwa saa nane na wanafanya tano. Nilisema kwa sauti, vibarua wote wakisikia. Fundi akamwita Mzee Mwalyego. Mzee akaja taratibu, akaegemea mpini wa jembe, akamwambia yeye, wala si mimi:

"Kijana wako aliniuliza tunafanya kazi saa ngapi. Nikamwambia saa nane. Saa nane tunakwenda nyumbani. Hakuniuliza tunaanza saa ngapi."

Fundi Mligo alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetazama bomba linalovuja ndani ya mfereji uliokwisha kufukiwa.

"Huyu ana cheti, mzee," akasema.

"Tunakijua. Ametuonyesha sote."

Fundi akaomba watu wa kuongeza. Mzee Mwalyego akatikisa kichwa. "Juma la kwanza ungewapata hata thelathini. Sasa kila mtu yuko shambani kwake, anawahi mvua."

Wale ishirini walichimba siku saba zaidi, na zile siku saba Fundi alizilipa kutoka mfukoni mwake bila kuninung'unikia, jambo lililoniuma kuliko kofi. Siku ya nane mvua ikashuka. Mfereji ukajaa tope, kingo zikaanguka. Mabomba sabini na tano yakabaki yamelala majanini, na maji yakaishia mteremkoni, futi elfu moja na mia tano kutoka wodini. Tukafunga koki pale pale kati ya vichaka, na ndugu wa wazazi wakaendelea kubeba.

Fundi Mligo hakunifukuza. Alinikabidhi ndoo mbili. "Zile futi zilizobaki," akasema, "utazipima kwa miguu mpaka mvua ziishe."

Basi, mwanangu, hizo saa 640 zako naomba uzifute. Rudi kule shuleni, usiulize mtu anafanya kazi saa ngapi, maana swali hilo lina majibu mawili na yote ni ya kweli. Muulize anashika jembe saa ngapi na analitua saa ngapi. Muulize siku za gulio na za misiba na za kupanda. Halafu shinda naye siku moja, uone kwa macho, ndipo uandike. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo hata kama uso unawaka, kwa sababu siku ya nne ukweli wangu ungeleta watu thelathini, na siku ya ishirini haukuleta hata mmoja. Lakini kubwa kuliko yote, usimwite mtu mvivu kabla hujajua mlikubaliana nini. Nilimwomba Mzee Mwalyego radhi mbele ya watu wake wote. Alinipa viazi nusu gunia, sikujua nivipeleke wapi kwa aibu.

Mungu akupe mkono usioteleza kwenye spana na ulimi usioona haya kuuliza mara ya pili, na kila koki utakayofunga itoe maji siku uliyoahidi.

Na lile pafu la utingo? Siku moja ya mvua nilikuwa nimepanda na kushuka ule mteremko labda mara mia, sawa, mara sita, nikaanguka kwenye kibaraza cha wodi na ndoo zangu. Mama Sekela akatoka.

"Pole, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Nyie wenzetu mna nafuu, Mama. Mna mapafu matatu."

Akaniangalia ili aone kama natania. Akaona sitanii.

"Nawasikiliza vifua watu wa huku kila siku," akasema. "Mapafu ni mawili. Inuka, kuna mama anangoja maji."