Neema kwa Jina la Nani

Mwandishi wa barua pale nje ya posta ya Jadotville hajui kutulia. Vidole viwili vinagonga mashine, mguu unatikisa meza, macho yako barabarani kwenye malori ya askari. Mimi nauza sabuni kando yake, na tangu Katanga ijitangaze nchi, naona biashara yake ni neno moja tu la Kifaransa: grâce. Kwa padri, anasema, ni neema. Kwa kijana anayechumbia ni madaha ya msichana. Kwa komiseri ni msamaha. Wateja siku hizi wanataka la komiseri.

Jana alikuja mke wa fundi wa reli. Mumewe amefungwa tangu Jumatatu, na lori la kumpeleka Élisabethville lilikuwa linaondoka saa sita.

"Usitie ile neno, papa. Bwana yangu hakuiba, hakutukana muntu. Musamaha ya nini?"

"Mama, unataka haki ao unataka bwana?" mwandishi akauliza huku anagonga. "Haki iko na foleni murefu."

Ng'ambo ya barabara, mbele ya gereza, lori likawashwa. Mama akaligeukia, kisha akasema:

"Andika grâce. Lakini jina yake isikuwe. Tia yangu. Miye ndiye naomba, yeye hana kosa."

Mwandishi akachomoa karatasi, akaingiza nyingine. Akainuka, akamsogezea kiti chake, akainama kuandika amesimama.

"Na kosa yako, mama, tuandike nini?"

"Andika: niko muke yake."